Nyuso Sita za Kioo

Mwaka 1896, katika kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena, Ujerumani, Paul Rudolph alikamilisha lenzi aliyoiita Planar. Ilikuwa na vipande sita vya kioo, vitatu mbele ya tundu la kupitishia nuru na vitatu nyuma yake, upande mmoja pacha wa upande wa pili. Kwenye karatasi ya mahesabu haikuwa na mpinzani. Picha yake ilitandaa sawasawa, ikawa kali katikati na kali pembeni, na rangi zilikutana mahali pamoja. Lakini ilipofungwa kwenye kamera na kuelekezwa penye dirisha au anga jeupe, picha ilififia. Weusi uligeuka kijivu. Wapiga picha wengi wakabaki na lenzi ambazo kwa hesabu zilikuwa dhaifu kuliko ile, na Planar ikawekwa kando kwa miaka mingi.

Hesabu za Rudolph hazikuwa na kosa. Kilichomshinda ni tabia ya nuru yenyewe. Kila inapotoka hewani kuingia kwenye kioo, au kutoka kwenye kioo kurudi hewani, sehemu yake ndogo haivuki, hurudi ilikotoka. Ndiyo maana mtu aliyesimama dirishani usiku, taa ikiwaka nyuma yake, hujiona mwenyewe badala ya kuuona uwanja wa nje. Kwa kioo cha kawaida kinachorudi ni kama asilimia 4 ya nuru, na kwa vioo vizito vya lenzi ni 5 na zaidi. Vipande vya Planar vilikuwa sita, lakini baadhi viligandishwa pamoja, hivyo nyuso zilizogusana na hewa zilikuwa nane. Kila uso ukichukua asilimia 5, mwisho wa safari hubaki takriban theluthi mbili tu ya nuru iliyoingia.

Kupotea kwa nuru si hasara kubwa. Ukiacha tundu wazi muda mrefu kidogo, umefidia. Hasara kubwa ni kwamba nuru iliyorudishwa na uso wa tano, kwa mfano, hukutana na uso wa pili, ikarudishwa tena kuelekea kwenye filamu, sasa ikiwa haina mahali pake. Hapo inatandaa juu ya picha nzima mithili ya ukungu, au inachora doa la taa mahali pasipo na taa. Kila jozi ya nyuso ni njia moja ya kupotea namna hiyo. Nyuso nane hutoa jozi 28. Nyuso sita hutoa jozi 15.

Tofauti hiyo ya 28 na 15 ilitawala usanifu wa lenzi kwa karibu nusu karne. Nimeichagua niielezee kwa kirefu kwa sababu ilimfikisha mtu mmoja, Ludwig Bertele, kwenye lenzi ambayo kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote zilizokokotolewa kwa mkono.

Kwanza, kazi yenyewe. Kipande kimoja cha kioo kilichovimba katikati hukusanya nuru, lakini hukusanya vibaya. Miale inayopita ukingoni hukutana karibu zaidi kuliko ile inayopita katikati. Nuru ya buluu hukutana mapema kuliko nyekundu. Nukta iliyo pembeni ya picha huvutika ikaota mkia. Mistari ya wima na mistari ya mlalo haikai kwenye fokasi kwa wakati mmoja. Picha nzima hujikunja ndani ya kitu chenye umbo la bakuli, wakati filamu au sahani ya kioo ni bapa. Na ukuta ulionyooka hutoka umepinda. Mwaka 1857 Ludwig Seidel wa Munich alizipanga kasoro tano za namna hii, zile zisizotokana na rangi, na kuzitungia kanuni za hesabu, na tangu hapo kila msanifu wa lenzi amekuwa akipigana na maadui wenye majina.

Hakuna anayewamaliza. Anachofanya msanifu ni kuweka kipande kilichobonyea karibu na kilichovimba, cha aina nyingine ya kioo, ili kosa la huyu lifutwe na kosa la yule. Akibadilisha mpindo wa uso mmoja kwa kiasi kidogo sana, nyuso zote zinazofuata hupokea nuru kwa pembe mpya, na hesabu zote hubadilika. Ni kama bao: kete moja ikihama, mashimo yote yanahesabiwa upya, na mchezaji hodari ni yule anayeona mwisho wa mzunguko kabla hajagusa kete.

Sasa ufikirie kuifanya kazi hiyo kabla ya kompyuta. Mwale mmoja unaingia uso wa kwanza. Msanifu anatafuta saini ya pembe yake kwenye majedwali ya logi, anajumlisha, anatoa, anarudi kwenye majedwali, anapata pembe mpya, anaipeleka uso wa pili. Akifika uso wa mwisho amemaliza mwale mmoja, wa rangi moja, kutoka nukta moja. Bado miale mingine mingi. Kosa la tarakimu moja kwenye safu ya asubuhi linaharibu kazi ya jioni. Joseph Petzval, profesa wa hesabu wa Vienna, alipobuni lenzi yake maarufu ya picha za watu mwaka 1840, alisaidiwa na askari wa kikosi cha mizinga waliozoea kukokotoa. Daguerre alikuwa ametangaza njia yake ya kupiga picha mwaka uliotangulia, na lenzi za wakati huo zilikuwa na giza kiasi kwamba mtu alilazimika kukaa juani bila kutikisika kwa dakika kadhaa. Lenzi ya Petzval, yenye upana wa takriban f/3.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), ilipitisha nuru zaidi ya mara kumi na tano. Picha ya uso wa mtu aliye hai, asiyebanwa kichwa kwa chuma muda mrefu, ilianzia hapo.

Petzval alikuwa na aina chache tu za kioo za kuchagua, na hizo zilimfunga. Kioo kilichopinda nuru kwa nguvu kilitawanya rangi kwa nguvu. Kilichopinda kidogo kilitawanya kidogo. Viwili hivyo havikuachana. Waliovitenganisha ni Ernst Abbe na Otto Schott, hapo hapo Jena, kwenye kiwanda cha kioo kilichoanzishwa mwaka 1884. Schott aliweka bariamu na kemikali nyingine kwenye tanuri ambako watu walizoea kuweka risasi, na akapata vioo vilivyopinda nuru sana bila kuitawanya sana. Miaka michache baadaye Rudolph alikuwa akiandika lenzi ambazo Petzval asingeweza hata kuzianza. Planar ni mtoto wa vioo hivyo.

Planar ilipokwama, njia iliyobaki wazi ilikuwa ya kubana matumizi, nayo ilikuwa imeshafunguliwa miaka mitatu kabla yake. Mwaka 1893 Harold Dennis Taylor, msanifu wa kampuni ya Cooke ya mji wa York, Uingereza, aliuliza swali la kishujaa: ni vipande vichache kiasi gani vinatosha kuzidhibiti kasoro zote kwa pamoja? Jibu lake lilikuwa vitatu. Kilichovimba, kilichobonyea, kilichovimba, na hewa katikati. Vipande vitatu vina nyuso sita. Mwajiri wake hakuvutiwa na biashara ya lenzi za kamera, hivyo zikatengenezwa Leicester na kampuni ya Taylor, Taylor & Hobson, zikibaki na jina la Cooke. Mwaka 1902 Rudolph, akiwa na Ernst Wandersleb, alitoa Tessar: vipande vinne, viwili vya nyuma vikiwa vimegandishwa, kwa hiyo nyuso zinazogusa hewa ni sita zile zile. Zeiss waliitangaza kuwa jicho la tai. Ilifungwa kwenye kamera za kukunja, kwenye Rolleiflex, na jamaa yake wa karibu, Elmar, ikafungwa kwenye Leica za mwanzo. Ni lenzi yenye adabu, picha zake safi na zenye weusi wa kweli. Lakini ukiilazimisha kupita f/2.8, pembe za picha zinaanza kulegea, na hakuna hesabu iliyoweza kuziokoa.

Ludwig Bertele alizaliwa Munich mwaka 1900. Alianza kazi ya kukokotoa lenzi akiwa kijana mdogo, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akahamia Dresden, kwenye kampuni ya kamera ya Ernemann. Hapo alichukua wazo la vipande vitatu la Taylor na kulinenepesha. Aliongeza kioo kilichovimba kwenye nafasi ya mbele, ili kazi nzito ya kupinda nuru isibebwe na kipande kimoja. Matokeo yake, Ernostar, yalifungwa mwaka 1924 kwenye kamera ndogo iitwayo Ermanox, kwanza kwa f/2, kisha f/1.8. Bertele alikuwa hajafikisha miaka 24.

Kwa wakati ule hiyo ilikuwa ajabu. Kamera iliweza kupiga picha ndani ya nyumba, kwa taa za ukutani, bila unga wa kulipuka. Erich Salomon, mwanasheria wa Berlin aliyegeuka kuwa mpiga picha, aliificha Ermanox yake mahakamani mwaka 1928 na kupata picha za kesi ya mauaji. Kisha akaingia nayo kwenye mikutano ya wanadiplomasia. Picha zake zinaonyesha mawaziri wa Ulaya usiku wa manane, wamezama kwenye viti, macho mazito, mmoja akisinzia. Kabla yake watu wenye madaraka walionekana pichani kama walivyotaka kuonekana. Salomon aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Nikiitazama kazi yake nasoma pia kazi ya Bertele: bila lenzi ile, chumba kile kingebaki giza.

Hata hivyo Ernostar ilikuwa na nafasi nyingi za hewa kupita kiasi, na taa ikiwa ndani ya picha, ukungu ulirudi. Mwaka 1926 Ernemann iliunganishwa na kampuni nyingine kuwa Zeiss Ikon, na Bertele akaendelea kulisumbua swali hilo chini ya jina jipya. Nguvu ya mwakisiko, alijua, inategemea tofauti kati ya vitu viwili vinavyogusana. Kati ya kioo na hewa tofauti ni kubwa, nuru nyingi hurudi. Kati ya kioo na kioo tofauti ni ndogo, na kinachorudi hakihesabiki. Lakini ile nafasi ya hewa haikuwepo kwa bahati mbaya. Mpindo wa nyuso zake ndio uliosahihisha kasoro. Ukiiondoa, lenzi inabomoka.

Bertele hakuiondoa. Aliijaza kioo.

Alichagua kioo chepesi, chenye nguvu ndogo ya kupinda nuru, akakichonga kwa umbo la ile hewa yenyewe, akakigandisha katikati ya vipande viwili vilivyokuwa vimetengana. Kioo hicho kinafanya kazi iliyofanywa na hewa, kwa unyonge kiasi, na msanifu anaufidia unyonge huo kwa kuzipinda nyuso zaidi. Nyuso mbili zilizokuwa zikirudisha nuru sasa zimefungwa ndani, kimya. Hiyo ndiyo Sonnar. Hati ya kwanza ya f/2 ni ya mwaka 1929, na mwaka 1932 lenzi yenyewe ilitoka pamoja na kamera mpya ya Contax, ikiwa f/2 na f/1.5. Ile ya f/1.5 ina vipande saba. Kimoja peke yake mbele, vitatu vilivyogandishwa, kisha vitatu vingine vilivyogandishwa. Vipande saba, na bado nyuso zinazoigusa hewa ni sita, sawa na za lenzi ya vipande vitatu ya Taylor. Jozi za njia za ukungu ni 15.

Nimeutazama mchoro wake mara nyingi, na kila mara hunifurahisha. Lenzi ikiwa imekatwa kwa urefu, unaona kioo kizito kimejaa karibu mrija mzima, hewa imebaki vijinafasi viwili vyembamba. Hakuna kipande cha mapambo. Kila mpindo una sababu, na sababu nyingi ni mbili kwa wakati mmoja.

Kuibuni ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa mikononi mwa mafundi ambao majina yao hayakuandikwa kwenye hati yoyote. Kioo cha lenzi kikishayeyushwa hupozwa polepole mno, maana kikipoa haraka hubaki na mvutano ndani na kuipotosha nuru. Kisha hukaguliwa, na sehemu zenye mishipa au mapovu hutupwa. Kipande kilichofaulu husagwa kwa unga wa msasa na maji, unga mwembamba zaidi kila hatua, hadi uso uwe kama maziwa. Hapo msasa unawekwa kando. Ung'arishaji hufanywa kwa kifaa cha lami iliyofinyangwa kwa umbo la uso, na unga mwekundu wa kutu ya chuma uliolowa. Lami ina sifa ambayo mashine nyingi hazina: ni ngumu kiasi cha kusugua na laini kiasi cha kujirekebisha. Fundi huijua hali yake kwa kidole. Ikiwa ya moto sana inatiririka, ikiwa baridi sana inakwaruza.

Ili kuupima uso, fundi huweka juu yake kioo cha mfano chenye mpindo kinyume. Kati ya viwili hubaki hewa nyembamba kabisa, na chini ya taa ya rangi moja hutokea miviringo ya giza na nuru. Kila mviringo ni tofauti ya nusu ya urefu wa wimbi la nuru, yaani kama milimita 0.00027 kwa nuru ya kijani. Miviringo miwili ikiwa mizuri na ya duara, kazi inakubalika. Ikiwa imejivuta upande mmoja, uso haukusuguliwa sawasawa, na kipande kinarudi kwenye lami. Mtu anasoma makosa madogo kuliko sehemu ya mia mbili ya unywele kwa macho yake matupu, kwa kutumia nuru ile ile ambayo kioo kitakuja kuitumikia.

Kugandisha kulikuwa na uzito wake. Gundi ilikuwa utomvu wa mti wa Kanada wa jamii ya msonobari, wenye rangi ya asali, ambao hupinda nuru karibu sawa na kioo. Vipande hupashwa moto, tone huwekwa, kingine hulazwa juu yake na kusukumwa taratibu hadi povu la mwisho litoke. Kisha vinazungushwa huku fundi akitazama taswira ya taa ndani yake. Taswira ikiyumba, vipande havijakaa katikati, na lazima visogezwe kabla utomvu haujashika. Kwa vipande viwili hilo ni jambo la kawaida. Kwa vitatu, vinene, vyenye mipindo mikali, mara mbili ndani ya lenzi moja, ni kazi ya mkono uliotulia. Ndiyo maana Sonnar ilikuwa ghali, na naona ilistahili bei yake.

Mshindani mkubwa alikuwa Leitz wa Wetzlar, mwenye Leica. Mwaka 1933 Leitz walitoa Summar ya f/2, ya ukoo wa vipande sita kama Planar, yenye nyuso nane. Kisha mwaka 1936 wakatoa Xenon ya f/1.5, yenye nyuso kumi. Hesabu jozi zake: 45. Kwa mpiga picha aliyetaka kuingia ukumbi wa muziki usiku, taa za jukwaa zikimkabili, 15 dhidi ya 45 halikuwa jambo la vitabuni. Kwa muda wa miaka kadhaa, hata waliopenda mwili wa Leica walikiri kwamba usiku ni wa Contax. Mwaka 1936 hiyo hiyo Sonnar ndefu ya milimita 180, f/2.8, ilipelekwa kwenye michezo ya Olimpiki ya Berlin, nayo ikabaki na jina la Olimpiki.

Wakati Sonnar ikitawala, kwenye maabara ya Zeiss mjini Jena mwanafizikia mzaliwa wa Ukraine, Oleksandr Smakula, alikuwa akiiondolea sababu ya kuwepo. Dalili ya alichokitafuta ilikuwa imeonekana zamani. Dennis Taylor yule yule wa vipande vitatu aligundua katika miaka ya 1890 kwamba lenzi kuukuu, iliyoingia kutu ya buluu usoni, hupitisha nuru zaidi kuliko mpya. Alijaribu kuzeesha vioo kwa kemikali, lakini matokeo hayakutabirika. Mwaka 1935 Smakula aliweka lenzi ndani ya ombwe, akachemsha madini ya floridi hadi yawe mvuke, na kuuacha mvuke utue usoni kwa unene wa robo ya urefu wa wimbi, yaani takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Nuru inayorudishwa na uso wa juu wa utando huo na ile inayorudishwa na uso wa chini hukutana zikiwa kinyume, zikafutana. Nuru isiyorudi inavuka. Mwakisiko wa kila uso ulishuka hadi asilimia moja na ushei.

Jeshi la Ujerumani liliifanya siri kwa ajili ya darubini na vifaa vya kulengea. Vita vilipokwisha, utando ule wenye rangi ya zambarau au samawati ukawa wa kila mtu, na hesabu yote ya 28 na 15 ikapoteza makali. Planar ya mwaka 1896 ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ilikosa utando tu. Ukoo wake ukaamka. Leitz wakatoa Summicron mwaka 1953. Zeiss wakalirudisha jina la Planar kwenye Rolleiflex na Hasselblad. Miaka ya 1960 walifika hadi f/0.7, lenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya shirika la anga la Marekani, NASA, na ambayo Stanley Kubrick aliinunua ili apige mandhari ya filamu yake *Barry Lyndon* kwa mwanga wa mishumaa.

Kingine kilichoiumiza Sonnar ni kioo cha kutazamia. Kamera zilizokuja kushinda soko zilikuwa na kioo kinachoinuka nyuma ya lenzi, na kioo hicho kilihitaji nafasi. Sonnar ya milimita 50 huingia ndani kabisa, karibu iiguse filamu. Haikuwa na pa kukaa. Ukoo wa Planar ulikubali kusogezwa mbele kidogo. Biotar ya milimita 58, iliyobuniwa Zeiss, ilikubali, na baada ya vita Warusi waliichukua na kuiita Helios, wakaitengeneza kwa mamilioni kwa ajili ya kamera za Zenit. Kama umewahi kushika kamera ya Kirusi yenye lenzi ya 58, umeishika hesabu iliyoanza na Rudolph.

Sonnar ilibaki kwenye urefu mkubwa, ambako nafasi si tatizo, na ilibaki Japani. Mwaka 1950 David Douglas Duncan, mpiga picha wa gazeti la *Life*, alikuwa Tokyo. Jun Miki, mpiga picha Mjapani, alimpiga picha kwa lenzi ya Nikkor ya milimita 85, f/2. Duncan alipoiona picha aliomba apelekwe kiwandani Nippon Kogaku, ilikotengenezwa lenzi hiyo. Muda mfupi baadaye vita vya Korea vilianza, akaenda na lenzi za Nikkor mstari wa mbele, na wahariri wa New York wakashangaa ukali wa negativu zake. Ile 85, pamoja na Nikkor za 50 za wakati ule, zilifuata mpango wa Bertele. Sifa ya Japani duniani katika lenzi ilianza kwa kuichonga Sonnar vizuri sana.

Bertele mwenyewe aliendelea. Baada ya vita alifanyia kazi kampuni ya Wild ya Uswisi, akabuni lenzi za kupimia ardhi kutoka angani, na akawaandikia Zeiss Biogon mpya, lenzi pana isiyopindisha mistari. Kamera ya Hasselblad aliyoibeba Neil Armstrong mwezini mwaka 1969 ilikuwa na Biogon ya ukoo huo. Wakati huo ukokotoaji ulikuwa umeshahamia kwenye mashine: Leitz walipokea kompyuta ya Konrad Zuse, Z5, mwaka 1953, na Jena wakajenga yao, Oprema, muda mfupi baadaye. Mwale uliomchukua mtu dakika nyingi ulipita kwa sekunde. Lenzi za leo, zenye vipande kumi na tano na nyuso zisizo za duara, zimezaliwa humo, na kwa kipimo chochote ni kali kuliko Sonnar.

Bado, katika miaka ya 2000, Zeiss waliitoa upya Sonnar ya 50, f/1.5, kwa kamera zisizo na kioo cha kutazamia. Wangeweza kuisahihisha hadi isitambulike. Waliiacha na tabia yake ya asili: tundu likiwa wazi kwa f/1.5, miale ya ukingoni haijarekebishwa kikamilifu, kwa hiyo juu ya ukali wa picha hulala ulaini mwembamba, na nyuma ya uso wa mtu vitu huyeyuka bila kuchanika. Ukilibana tundu, miale ile ya ukingoni inakatwa na fokasi yenyewe inahamia nyuma kidogo. Anayeitumia lazima alijue hilo mkononi. Ikiwa lenzi imesawazishwa kwa f/1.5, akipiga kwa f/1.5 analenga jicho. Akibana hadi f/2.8 kwa mtu aliye karibu, jicho likishakaa sawa kwenye kidirisha cha kulengea, anarudisha mwili nyuma kidogo sana, au analenga ncha ya pua, kisha anabonyeza.